Magoti ya Bi Nana

Wageni wa upande wa bwana harusi walikuwa wameshakunywa kahawa na kumaliza sahani mbili za visheti. Tarehe ilikuwa imekubaliwa, ukumbi umekubaliwa, na lililobaki lilikuwa jambo dogo ambalo halikuhitaji hata kuulizwa. Mama yake Mohammed aliliuliza kwa adabu tu.

"Na somo wa biharusi, bila shaka, ni wewe mwenyewe Bi Nana."

Wanawake waliojaa sebuleni walitabasamu kabla ya jibu. Nani mwengine? Bi Nana alikuwa amewafunda maharusi wa nusu ya Malindi, tangu Shela hadi Barani. Na Shaima hakuwa biharusi wa mtu baki. Alikuwa mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu ana miaka minne. Dada yake siku za mwisho alimshika mkono akamwambia, "Siku yake ikifika, umfunde wewe. Asije akafundwa na mtu mwengine." Bi Nana akaapa, na watu wakasikia.

"Mimi sitaweza," alisema Bi Nana. "Mtafutieni mwengine."

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Mama yake Mohammed alikitazama kikombe chake kitupu, akakinywa hivyo hivyo.

"Ni magoti," Bi Nana aliongeza haraka. "Magoti yamenishinda. Somo asiyeweza kukaa mkekani ni somo gani? Muombeni Hafswa. Hafswa yuajua kazi."

Bi Hafswa, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, ambaye naye alikuwa somo lakini wa daraja la pili kwa vile kila mtu alimtaka Bi Nana kwanza, alikuwa na kisheti mdomoni. Alikimeza kizima. "Mimi?" alisema. Na furaha ilimtoka usoni kabla hajawahi kuizuia.

Nyuma ya pazia la mlango wa ndani, mahali ambapo biharusi hatakiwi kuwapo na ambapo kila biharusi huwapo, Shaima alisikia yote.

*

Jioni Shaima alikuja na chupa ya mafuta ya ufuta kama kawaida yake. Alikaa sakafuni mbele ya kiti cha Bi Nana, akapandisha pindo la gauni, akaanza kusugua goti la kulia. 

"Mama," alisema mwisho. "Haya magoti nayasugua mimi kila jioni tangu mfungo. Hayakuvimba. Hayana joto. Hayalii. Jana umeyakunja ukiokota sindano ya baba ya kushonea, nimekuona kwa macho yangu."

"Maumivu yako ndani."

"Mohammed ana kasoro gani?"

"Mohammed?" Bi Nana alishtuka. "Mohammed kijana mzuri."

"Basi kasoro iko kwangu." Shaima alifunga chupa. "Ungeniambia mapema, mama. Usingeniaibisha mbele ya mama mkwe. Watu sasa watasema yule mwanamke amelea mtoto wa dada yake, lakini kumfunda kama mwanawe kumemshinda."

Akaondoka. Bi Nana alibaki na goti moja lenye mafuta na moja kavu, yote mawili mazima kabisa, kama ya msichana.

Ukweli ni kwamba hapakuwa na shida yoyote ya magoti. Tangu kabla ya Ramadhani kitu kilikuwa kinamshukia Bi Nana, chini, baina ya miguu, laini na kizito, ukubwa wa yai la kuku. Asubuhi akiamka kilikuwa hakipo. Akinyanyua ndoo, au akisimama jikoni mpaka adhuhuri, kilikuwapo. Alijifunga kipande cha leso tumboni kwa nguvu zote, akaweka vitambaa chini, akaanza kusali juu ya kiti akisingizia magoti. Kwenye harusi moja hapo Barani aliinuka kupiga vigelegele, akageuka, akaona mto wa kiti umelowa. Aliukalia tena. Alikaa pale mpaka ukumbi ukabaki na waosha vyombo, watu wakamsifu kwa kukaa na wenye shughuli hadi mwisho.

Hakumwambia mtu. Na si kwamba alikosa watu. Wanawake wa mtaa mzima wakipatwa na jambo la mwili walikuja kumweleza yeye, usiku na mchana, na yeye aliwasikiliza wote. Sasa yeye amweleze nani? Na siku saba za kumfunda biharusi si kukaa tu na kusema. Ni kuinama na kuinuka, ni ndoo za maji ya kuogea, ni kusugua liwa ya kunukia mwili mzima, ni kuonyesha kwa kiuno kile ambacho mdomo hausemi. Alijiona katikati ya mkeka, mbele ya Shaima, kitu kimeshuka na gauni limelowa. Afadhali aonekane hana mapenzi.

*

Mumewe, Mzee Farjallah, alikuwa fundi wa kanzu. Cherehani yake ilikaa barazani na alishona kuanzia alfajiri mpaka macho yakatae. Asubuhi ya tatu baada ya mkutano ule, Bi Nana alipomletea chai, alikuta juu ya meza ya fundi kirundo cha vitambaa vyeupe vya pamba, vimekatwa sawasawa, vimekunjwa, na pindo zake zimeshonwa.

"Hivyo ni vyako," alisema Farjallah, macho yakiwa kwenye sindano. "Vile vya bitana unavyochukua kwenye kapu langu vyakwaruza."

Bi Nana alisimama na kikombe mkononi. Uso ulimpanda moto.

"Mara ya kwanza n'likisia labda siku zako zimerudi," aliendelea mzee, kwa sauti ya chini ili wapita njia wasisikie. "N'kaupiga umri wako hesabu, hesabu haikuja. Lakini mimi ni fundi, Nana. Nakushonea magauni miaka thelathini na miwili. Kiuno chako nakijua kwa mkono. Nguo imeongezeka hapo, mwili haukuongezeka. Niambie kuna nini."

"Hakuna kitu."

"Mtoto yule hali chakula siku ya tatu leo. Na wewe walia bafuni ukidhani maji ya mfereji yakufichia. Kuna kitu."

Hapo Bi Nana aliketi kwenye kiti cha wateja, akamwambia. Alimwambia akiangalia barabara, maneno machache machache, kama mtu anayemtajia fundi vipimo vya nguo ya aibu. Kizazi kinashuka. Hakimuumi sana, chavuta tu. Mkojo watoka hata hajausikia.

Farjallah alivua miwani yake.  Akaushika mkono wa mkewe hapo barazani, hadharani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu wawe vijana. Kijana wa bodaboda akapiga honi ya utani. Hakuuachia.

"Twende hospitali."

"Malindi siendi. Kila muuguzi pale nimemfunda mimi. Nikalale kitandani mbele ya yule mtoto wa Bi Zena, niliyemwambia mwenyewe mambo ya mwanamke?"

"Basi Kilifi."

"Nikaambiwe nini? Nikatwe?"

"Sijui," alisema Farjallah. "Lakini tutaambiwa wote wawili."

*

Huko Kilifi walikaa kwenye benchi refu baina ya wajawazito, na Farjallah alikuwa mwanamume pekee. Msichana mmoja aliyekaribia kujifungua alimtazama mzee mwenye ndevu nyeupe, kisha akamtazama Bi Nana, kisha tumbo la Bi Nana, akajaribu kupata maana. Jina lilipoitwa, muuguzi alilisoma kwa sauti ya mnadani pamoja na ugonjwa wake wote. Benchi zima likageuka. Bi Nana aliteremsha ukaya wake usoni akapita, na Farjallah akakohoa kwa nguvu bila sababu, ili watazame upande wake.

Daktari alimpima, akasema si saratani. Kizazi kimeshuka kiasi, na kibofu kimekifuata. Kuna wanawake wengi wa umri wake walio hivyo, ila kila mmoja amejifungia mlango na lake. Upasuaji upo, lakini si wa kuanza nao. Alimpa pete ya mpira laini, ya kuingizwa ndani ishikilie kizazi mahali pake. Ile ya kwanza ilianguka chooni kabla hata hajatoka hospitalini, na ikabidi arudi kwenye foleni aseme mbele ya watu kwamba imeanguka. Ya pili, kubwa kidogo, ilikaa. Bi Nana alitembea hatua nne chumbani, tano, sita. Hakuna kilichovuta. Alisimama akiwa ameshika ukuta, machozi yakamtoka mbele ya daktari, na hakuona haya.

Kisha akapelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alikuwa binti wa Kigiriama aitwaye Linet, mzaliwa wa Ganda, mwenye nywele fupi na kiatu cha raba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Linet alianza kwa kumfungua ile leso aliyojikaza tumboni. "Hii, mama, ndiyo imekuwa ikikuumiza. Ukikaza juu hivi, kila kilichomo kinasukumwa chini." Halafu akafika mahali pagumu. Kuwaeleza wanawake wa Kigiriama wa rika la mama yake alikuwa amezoea. Lakini huyu alikuwa mwanamke wa mjini, wa buibui na hina, mwenye kunukia udi, na Linet alianza kuzungukazunguka. "Sasa, mama, kuna misuli... huku chini kwenye nyonga... ni kama sakafu. Inalegea kwa uzazi na kwa umri. Kuna zoezi. Ni kama... samahani mama... ni kama unazuia mkojo. Unabana, unavuta kwenda juu..."

"Kisha waachia," alisema Bi Nana.

"Ndiyo."

"Si ghafla. Polepole, kama unateremka ngazi."

"Ndiyo, mama."

"Makalio yasikaze, mapaja yasikaze. Mtu aliyeko mbele yako asijue. Mara kumi, upumzike, mara kumi tena."

Linet aliweka kalamu chini. "Mama, nani alikufundisha?"

Bi Nana alikuwa ameshaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na kwa mara ya kwanza tangu mfungo kicheko hakikumtoa kitu. "Mwanangu wee! Mimi ndiye nifundishaye watu! Hii ndiyo kazi yangu. Hakuna biharusi aliyetoka mikononi mwangu asiyejua kubana. Siku ya nne twaanza, siku ya saba yuaweza."

"Na wewe mwenyewe, mama? Unafanya?"

Kicheko kilikatika.

"Mimi?" Bi Nana alifikiri kweli, kwa uaminifu, kama mtu anayetafuta mahali alipoweka ufunguo. "N'liacha baada ya mtoto wa tatu. Mambo yale ni ya maharusi. Ni ya kumfurahisha mume. Mtu mzima mwenye wajukuu abane kwa ajili ya nani?"

Linet hakucheka. "Kwa ajili yako. Ni mwili wako, mama. Mume hupata chake, sawa, lakini hiyo sakafu ni ya nyumba yako wewe."

Miaka thelathini alikuwa ameishika dawa mkononi, akiwagawia wasichana wa kila mtaa. Yeye mwenyewe hakuonja, wala hakuwaambia waendelee nayo wakishazaa. Moyo ulimwuma. Aliwafikiria wote, jina kwa jina, wengine sasa ni wanawake wa miaka arobaini na watoto watano.

"Ila jambo moja," Linet alisema. "Wakati wa kubana, pumzi mnaifanyaje?"

"Twaishika."

"Hapo ndipo mnapokosea. Pumzi itoke. Ukiishika unasukuma chini tena."

Bi Nana alimtazama binti huyu kwa macho ya somo kwa somo. "Hebu nionyeshe," alisema.

Walikaa nusu saa. Linet akampa na masharti mengine: asinyanyue ndoo zilizojaa, akinyanyua kitu akiweke karibu na mwili, abane kwanza, pumzi itoke. Ale mboga na kunywa maji ili asijikaze chooni. Na atembee.

"Nitembee? Si nikae nitulie?"

"Kukaa hakujamponya mtu. Tembea kila siku. Na umwambie mtu mmoja nyumbani zaidi ya mzee, mama. Mtu wa kukubebea ndoo."

*

Alimwambia Shaima usiku huo huo. Alimwita chumbani, akamkalisha kitandani, na alipofika kwenye neno lenyewe ulimi ukakwama. Yeye aliyesema mambo mazito zaidi ya hayo mbele ya watoto wa watu alishindwa mbele ya huyu. Mwisho alichukua kikombe cha kahawa, akatia kitambaa ndani yake, akakipindua. Kitambaa kikateremka nusu.

"Kikombe ni mimi," alisema.

Shaima alikitazama kikombe. Akamtazama mama yake.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mfungo."

"Na mimi nakusugua magoti!"

"Ulisugua vizuri."

"Mama!" Shaima alikuwa akilia na kucheka pamoja. "Mimi nilidhani hunitaki. Nilidhani umechoka kulea mtoto asiye wako, wataka niende zangu tu."

"Mtoto asiye wangu yupi?" Bi Nana alimvutia kifuani. "Nimekuogopa, mwanangu. Nimeogopa uje unione hivi nilivyo, halafu kila nitakalokufunza usiliamini. Nilimuahidi mama yako na nikakuacha. Nisamehe."

"Bado miezi miwili na nusu," alisema Shaima, uso ukiwa begani mwa mama yake. "Maji nitabeba mwenyewe."

"Biharusi habebi maji."

"Basi baba atabeba."

Na tangu kesho yake majirani walianza kuona kioja. Baada ya sala ya alfajiri Bi Nana na Mzee Farjallah walitoka kwa miguu, wakashika barabara ya pwani, yeye na raba nyeupe chini ya buibui, mzee nyuma kidogo akihema. Wiki ya kwanza walifika gatini wakarudi. Wiki ya tatu Bi Nana alikuwa akimsubiri mumewe kwenye kona. Watu wakauliza magoti yamepata dawa gani. Akawaambia kutembea, na hilo halikuwa uongo. Alirudi Kilifi mara mbili kuangaliwa pete. Siku nyingine mambo yalikuwa mazuri, siku nyingine, akijisahau akasimama jikoni mchana kutwa, uzito ulirudi, akalala chali na mto chini ya nyonga akalia kidogo, kisha akaamka.

Lililobaki lilikuwa Bi Hafswa.

*

Alikwenda kwake majuma mawili kabla ya harusi. Bi Hafswa alimpokea katikati ya sebule iliyojaa vifaa: liwa, marashi, leso mpya za doti, chetezo kipya cha udi. Alikuwa amejiandaa kama yeye ndiye anayeolewa.

"Hafswa, nimekuja na uso mkavu," alisema Bi Nana. "Nataka mtoto wangu nimfunde mwenyewe."

Bi Hafswa alikuwa akikunja leso. Aliendelea kukunja. "Ndiyo," alisema. "Nilijua. Miaka yote napewa wale usiowataka. Mara hii umenipa kwa mkono wako mbele ya watu, na sasa waninyang'anya. Nitawaambia nini wale watu, Nana? Kwamba magoti yamepona?"

Lilimfika kunako. Bi Nana angeweza kujitetea kwa ahadi ya marehemu, na Bi Hafswa angelazimika kunyamaza. Lakini alikuwa amechoka kusema nusu.

"Magoti hayakuwa na kitu. Kizazi kimenishuka, Hafswa. Mkojo ulikuwa ukinitoka. Niliona haya, nikakusukumia wewe."

Bi Hafswa aliweka leso chini. Akainuka, akafunga mlango wa mbele kwa komeo, akafunga na dirisha. Aliporudi hakukaa kwenye kiti chake, alikaa karibu na Bi Nana mpaka mabega yakagusana.

"Mimi ni mwaka wa tisa," alisema.

Walikuwa majirani wa ukuta mmoja, wanaojuana mpaka chumvi ya mchuzi.

"Hayo mambo yana dawa?" aliuliza Bi Hafswa, kwa sauti ambayo Bi Nana hakuwahi kuisikia kwake.

"Yana kazi," alisema Bi Nana. "Lete vitu vyako vyote nyumbani. Tutamfunda wawili."

*

Siku ya nne ya Shaima kukaa ndani, saa kumi za alasiri, chumba kilikuwa kimejaa harufu ya liwa na udi. Farjallah alikuwa amefikisha ndoo mbili mlangoni, akabisha, akaondoka bila kuchungulia. Biharusi alikaa mkekani. Masomo wake wawili walikaa juu ya viti, kwa amri ya Bi Nana, na yeyote atakayeuliza ataambiwa hiyo ndiyo mila mpya.

Kwa miaka thelathini Bi Nana alikuwa ameifungua siku ya nne kwa maneno yale yale: mumeo, mumeo, mumeo. Alifungua mdomo, akayarudisha.

"Leo nakupa kitu chako," alisema. "Mohammed atafaidi, na afaidi. Lakini si chake. Utakifanya kabla hujazaa, na ukishazaa, na ukiwa mzee kama sisi. Siku atakayokuudhi utakifanya. Akifa kabla yako utakifanya. Hiki ndicho alichotaka mama yako nikupe, ila mimi nilikuwa sijakijua."

Shaima aliitikia kwa kichwa. 

"Bana. Vuta juu. Pumzi itoke. Moja."

"Mama, utajuaje kama nafanya sawa? Huoni."

"Sioni mimi, wala haoni mtu yeyote duniani. Wajua mwenyewe. Wewe, Hafswa, mabega hayo ya nini? Teremsha. Mbili."

Watatu wakafumba macho. Nyumba ikanyamaza kabisa. Huko barazani Mzee Farjallah aliusikia ukimya huo, akaondoa mguu kwenye cherehani. Chumba cha biharusi siku zote ni vicheko na vigelegele na nyimbo za matusi. Ukimya kama huu hakuwahi kuusikia. Alikuja mpaka mlangoni.

"Nana?" aliita. "Nana, mko salama humo?"

Hakujibiwa. Alibisha kwa kidole.

"Nana! Mbona kimya? Kuna nini?"

"Saba," ilisema sauti ya mkewe, imetulia kama ya mtu aliye kazini. "Ngoja tufike kumi."

Farjallah hakuelewa kitu. Lakini sauti aliijua, na haikuwa na kilio ndani yake. Akaegemea ukuta, akangoja.